Mzee Hakimbii

Mkalimani wa kwanza wa kigango cha Naibor alipata kazi ya ulinzi Karatu, akaondoka bila kuaga. Ndiyo sababu Nashipai binti Sakaya alisimama mbele ya watu siku ile, na si kwa sababu nyingine yoyote. Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 2007. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka popote, naye alikuwa amerudi bomani kwa baba yake kukamua na kuchota maji kama mtu ambaye hakuwahi kuondoka.

Padre wa wakati huo alikuwa akipanda mara moja kwa mwezi kutoka Karatu. Anapita lango la hifadhi, anazunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu, anafika Naibor na tope hadi magotini. Alimkuta Nashipai mlangoni mwa kanisa.

"Wewe si umesoma?" akamuuliza.

"Kidogo, padre."

"Basi simama hapa pembeni yangu. Mimi nitasema, na wewe utasema."

"Nikikosea?"

"Nani atajua? Mimi Kimaa sijui."

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Padre anasoma Injili yote kwa Kiswahili mpaka mwisho, anafunga kitabu, anakaa. Kisha mkalimani anaisimulia upya kwa Kimaa, kichwani, bila karatasi. Wazee wa Naibor hawakupenda habari ikatwekatwe kama nyama ya kugawia watoto. Walitaka kuisikia ikitembea.

Injili ya siku ile ilikuwa ya baba mwenye wana wawili. Nashipai aliisikiliza akiwa ameangalia sakafu. Padre alipoketi, aliinua uso, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa baba yake, Mzee Sakaya, kwenye benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Pembeni yake alikaa Lekoko, mtu wa rika lake, na nyuma yao wazee wengine wa rika hilohilo.

Alianza vizuri. Mwana mdogo alipodai fungu lake baba angali hai, wazee waliguna, na Nashipai alilisema hilo lilivyo, maana ubaya wake ulijieleza wenyewe. Alipofika kwenye nguruwe alisita. Naibor hakuna aliyewahi kufuga nguruwe. Wengi hawajawahi kumwona. Akasema ngiri. Benchi la nyuma likacheka. Mtu akauliza, si kwa sauti ndogo, tangu lini ngiri wanachungwa. Ndama aliyenona alimgeuza kuwa dume la ng'ombe, kwa sababu mtu anayechinja ndama wake kwa ajili ya karamu angedhaniwa amerukwa na akili. Hayo yalikuwa madogo.

Kubwa lilikuwa katikati. Kitabu kilisema kwamba mwana alipokuwa bado mbali baba yake alimwona, akamhurumia, kisha akakimbia kumwendea.

Mzee hakimbii. Anayekimbia ni mtoto aliyepotewa na mbuzi, au kijana anayefuata simba. Mzee mwenye boma akionekana anakimbia, shuka linapepea na mapaja yako nje, watu hawaulizi anamkimbilia nani; wanaulizana nani amekufa. Na binti wa miaka kumi na tisa hasimami mbele ya rika la baba yake akawaambia kwamba mzee wa kwenye kitabu cha Mungu alifanya hivyo.

Nashipai akasema: baba yake akamwona angali mbali, akainuka, akasimama kwenye lango la boma lake, akangoja.

Sasa kwa kuwa baba amesimama, ilibidi mwana atembee. Na kwa kuwa mwana anatembea kwenda kuomba msamaha, hakuweza kwenda mikono mitupu. Nashipai akamtia majani mabichi mkononi, kama anavyoshika kila mtu wa Naibor anayekwenda kutaka amani. Mwana akafika langoni, akainamisha kichwa, na baba akakigusa.

Wazee waliitikia kwa mguno mzito, wote pamoja. Ilikuwa habari nzuri, yenye adabu, na walimjua kila mtu aliyekuwa ndani yake.

Nje ya kanisa Lekoko alimwambia mwenzake, "Sakaya, binti yako ana mdomo."

Mzee Sakaya hakuwa mtu wa kusifu watoto mbele ya watu. "Amesema ilivyo," alijibu.

Basi kazi ikawa yake. Mapadre walibadilika, yeye akabaki. Mwezi ambao padre hakupanda, katekista aliongoza ibada na Nashipai alisimulia vilevile. Aliolewa na Loserian, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye tabia ya kusahihisha vitu hata vilivyoandikwa kwenye mifuko ya unga. Walipata mtoto wa kwanza, Neema, na tangu hapo watu walimwita Mama Neema, hata padre.

Injili ya wana wawili husomwa Jumapili ya Kwaresima mwaka mmoja kati ya mitatu. Ilirudi 2010, ikarudi 2013. Kila iliporudi, baba alisimama langoni. Mwaka mmoja lango lilipata miiba. Mwaka mwingine majani yalipata jina, ya aina ile inayoota kando ya chemchemi. Nashipai hakuona kuwa anaongeza. Aliona kuwa anakumbuka.

Loserian aliligundua mapema, kwa sababu alisikia lugha zote mbili. Walikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa.

"Kiswahili kinasema alikimbia," alimwambia mkewe walipokuwa wakirudi nyumbani.

"Najua."

"Wewe ulisema alisimama."

"Nilisema hivyo."

Loserian alitembea kidogo. "Umefanya vizuri. Ungesema alikimbia, wangebaki wanaangalia miguu ya yule mzee, na huruma yake wasingeiona."

Nashipai aliliweka neno hilo moyoni, na kwa miaka mingi lilimtosha.

Kisha likaja jambo la Supeet.

Supeet alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Mzee Sakaya alikuwa ameamua zamani kwamba mtoto mmoja aende shule na mmoja abaki na ng'ombe, na Supeet ndiye aliyebaki. Hakuwa mvivu wala mkorofi. Mwaka 2021 baba yake alimpa ng'ombe sita awapeleke mnadani Karatu, auze wawili wa kununulia mahindi, awarudishe wanne. Aliuza wote. Hakurudi. Zikaja habari kwamba anabeba mizigo ya watalii kwenye kempu, kisha kwamba anakunywa, kisha hazikuja tena. Mwaka uliofuata mama yao alifariki, na Supeet alipata taarifa wiki moja baada ya mazishi.

Kwaresima ya mwaka huohuo, 2022, Injili ya wana wawili ilirudi. Nashipai alipoanza kusimulia aliona vichwa vyote vikigeuka polepole kumtazama baba yake kwenye benchi la mbele. Hakujua kusimulia kwa namna nyingine. Alimsimamisha yule baba langoni, akampa yule mwana majani, akamaliza.

Mzee Sakaya alimngoja nje.

"Umesikia mwenyewe ulichosema," alimwambia. "Hata yule wa kitabuni alisimama langoni pake. Mimi nipo langoni. Aje na majani yake."

Tangu siku hiyo mzee aliweka kigoda nje ya lango la boma, kikielekea barabara. Kutoka pale hadi barabarani mtu mzima mwenye miguu mizuri anatembea nusu saa, akipita josho la ng'ombe katikati ya njia. Kila asubuhi baada ya chai, ukungu ukishainuka, mzee alikaa pale akitazama chini. Majirani walisema anaota jua. Nashipai alijua anachofanya. Alikuwa anafanya alichoambiwa.

Supeet naye alipatikana. Mtu aliyekwenda kununua mbegu alimwona Endabash, kwenye shamba la Wairaqw wawili, mzee Wilibrodi na mkewe Katarina. Analima nao maharage, alisema, haonekani kulewa, na asubuhi na jioni anawapelekea nguruwe wao chakula.

Habari hiyo ilizunguka Naibor siku moja tu. Lekoko aliileta mwenyewe hadi kwenye kigoda cha rafiki yake.

"Tulikuwa tunabishana bure," alisema. "Kumbe ngiri wanachungwa."

Lekoko alikaa naye chini mpaka jua likapanda, kama njia ya kuomba radhi.

Mara mojamoja Supeet alimpigia dada yake. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, kwenye ukuta wa josho, kwa hiyo simu zake zilipokelewa kwenye harufu ya dawa ya kupe. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Papa yupo?"

"Yupo langoni."

"Basi."

Siku moja tu alieleza zaidi. Alisema ameihesabu njia ile kichwani. Kutoka barabarani hadi kwa baba yake kuna maboma matano, na kila moja lina watu wenye macho. Angeyapita yote akiwa ameshika majani, yeye aliyeuza ng'ombe na hakumzika mama yake, na mwisho wa njia kuna mtu amesimama. "Miguu yangu inafika mpaka pale barabarani, dada. Baada ya hapo inakataa."

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mzee alishikwa na goti, akazidi kuwa mwembamba ndani ya blanketi lake, na hakuacha kigoda.

Machi mwaka huu wa 2025, siku ya Alhamisi, wiki ambayo Injili ilikuwa inarudi tena, Supeet alipiga simu asubuhi. Masika yalikuwa yameanza na ukuta wa josho ulikuwa umelowa. Nashipai alisimama.

"Dada, kuna kitu nataka kuuliza," alisema Supeet. "Jana jumuiya ilisali hapa kwa Mama Katarina. Wakasoma ile ya Jumapili inayokuja. Ile ya mwana aliyekula mali."

"Ndiyo. Ni zamu yake."

"Ya huku, yule mzee anakimbia."

Nashipai hakusema kitu.

"Nikamwambia Mama Katarina, hapo umeruka, mama, mzee yule yuko langoni. Wakanicheka. Wilibrodi akachukua kitabu akasoma tena, taratibu, kidole juu ya mstari. Anakimbia. Nikasema labda Wairaqw wana Biblia yao."

"Ni hiyohiyo."

"Na majani?"

"Hakuna majani."

"Lango?"

"Hakuna."

Nyuma ya sauti yake nguruwe walikuwa wakigombania kitu. Supeet aliwafokea kwa Kiiraqw, kisha akarudi kwenye simu.

"Uliyatoa wapi, Nashipai?"

Alikuwa hajamwita kwa jina tangu utotoni. "Kwa papa," alijibu. "Alikuwa amekaa mbele yangu."

Akatazama simu kuona kama imekatika.

"Wilibrodi alieleza," Supeet akasema. "Alisema yule baba ndiye Mungu. Hilo nilikuwa nalijua, hata wewe ulituambia. Basi mimi miaka yote nimejua kwamba hata kwa Mungu ni hivyohivyo. Amesimama kule, anakuangalia unavyohangaika na njia. Ukifika umefika."

"Supeet."

"Sigombi. Nakuambia nilichokuwa najua." Akavuta pumzi. "Alhamisi ijayo kuna lori la mahindi linapanda huko, na jioni linashuka. Nitashuka barabarani. Nitakaa pale mchana kutwa. Akibaki langoni, nitarudi na lori, na sitasumbua tena, maana nitakuwa nimejua. Usimwombe, dada. Usimbembeleze. Mwambie tu kilichoandikwa."

Siku mbili zile Nashipai alifanya kazi zake zote na hakukumbuka kuzifanya. Jumamosi jioni, wakati Loserian akisahihisha madaftari, alimweleza.

"Ukisema kesho kwamba alikimbia," Loserian alisema, "watauliza kwa nini zamani alisimama. Halafu watauliza ni mangapi mengine yaliyosimama."

"Yapo."

"Mengi?"

"Sijui tena. Mengine nimeyasema mara nyingi mpaka nayaona kwenye kitabu."

Loserian aliweka kalamu. "Na papa yako atakuwa amekaa mbele ya watu wote. Watamgeukia tena. Safari hii watakuwa wanatazama miguu yake."

"Wewe ndiye uliyesema nimefanya vizuri."

"Nilisema. Na sijui hata leo kama nilikosea. Wakati ule hakukuwa na mtu barabarani."

Jumapili kanisa lilijaa. Padre Valeriani, padre wa nne tangu Nashipai aanze, mtu wa Mbulu mwenye sauti ya polepole, alisoma Injili yote, akafunga kitabu, akakaa. Nashipai alipiga hatua moja mbele. Benchi la mbele lilikuwa lilelile. Baba yake alikuwa amenyoosha mguu mbovu, fimbo pembeni, Lekoko kushoto kwake.

Alisimulia kama kawaida mpaka kwenye ngiri. Hapo alisema si ngiri. Ni nguruwe, wale wanaofugwa na Wairaqw huko chini. Watu walitazamana. Mwana alianza safari ya kurudi. Nashipai alishusha macho sakafuni kama siku ya kwanza, kisha akayainua, kwa sababu aliona haifai kulisema hilo akitazama chini.

Akasema: alipokuwa bado mbali, baba yake alimwona, na tumbo lake likamuuma kwa ajili yake. Akakimbia. Akamwangukia shingoni. Mwana hakuwa ameshika kitu mkononi. Alikuwa na maneno aliyoyapanga njiani, na baba hakumwacha ayamalize.

Hakuna aliyeguna. Nje ng'ombe mmoja alikuwa anakohoa. Kisha Lekoko, ambaye hajawahi kunyamaza kanisani kwa sababu ya kanisa, aliinua fimbo.

"Huyo mzee alikuwa mzima?"

Padre Valeriani aliinama upande wa mkalimani. "Anasemaje?"

"Anauliza kama yule mzee alikuwa na akili timamu, padre."

Padre alifikiri. "Mwambie ni swali zuri."

Nashipai akamwambia. Lekoko aliridhika kwa muda, kisha akainua fimbo tena. "Na mwaka ule mwingine alikuwa amesimama. Nani alimkimbiza?"

"Mimi nilimsimamisha," Nashipai alisema kwa Kimaa, mbele ya wote. "Kwenye kitabu amekuwa akikimbia siku zote. Niliona haya kuwaambia."

Hilo hakumtafsiria padre mpaka Misa ilipokwisha. Alimkuta anakunja kanzu nyuma ya gari, akamweleza lote, tangu mkalimani aliyepata kazi ya ulinzi.

"Miaka kumi na minane?" Padre Valeriani aliuliza.

"Ndiyo, padre."

"Na nguruwe?"

"Walikuwa ngiri."

Padre alifunga mlango wa gari, akaufungua, akaufunga tena. "Mama Neema, sijui nikuambie nini. Sisi kwetu, bibi yangu alikuwa na Injili yake." Hakueleza ilikuwa ipi. "Mwezi ujao tutakaa, unisimulie zote unavyozisimulia. Nami nitakuambia zilivyoandikwa. Tutaona zipi zirudi."

Mzee Sakaya alikuwa ameshaondoka, peke yake, bila kumngoja Lekoko.

Siku tatu hakumsemesha binti yake. Nashipai alimpelekea maziwa asubuhi, aliyapokea, alikunywa, alirudisha kibuyu. Jumatano alisema, akiwa kwenye kigoda, macho barabarani:

"Majani nani alikuambia uyaongeze?"

"Hakuna, papa. Niliona ndivyo mtu anavyokwenda kwa baba yake."

"Ndivyo."

"Ndiyo, papa."

"Miaka mitatu nimeyangoja majani hayo."

Nashipai alikuwa amepiga magoti anafunga kibuyu. Hakujitetea. Mzee naye hakuendelea kumlaumu.

"Sikukukatalia siku ile," alisema hatimaye. "Ningeweza kuuliza. Nasikia Kiswahili cha mnadani, neno kukimbia nalijua. Nililisikia kwa padre siku ile ya kwanza. Nikasikia na lako, nikachukua lako."

Nashipai alimtazama. Mzee hakugeuka.

"Alikuwa na fimbo?" aliuliza.

"Nani, papa?"

"Yule mzee. Alipokimbia."

"Haikuandikwa."

"Goti lake?"

"Haikuandikwa pia."

"Hawaandiki mambo ya maana," alisema Mzee Sakaya.

Supeet alikuwa amekataza kumwomba na kumbembeleza, kwa hiyo Nashipai alifikiri vizuri kabla ya kufungua mdomo. "Papa, kesho lori la mahindi litamshusha Supeet barabarani. Atakaa pale mpaka jioni. Amesema miguu yake haimpitishi pale."

Kisha akachukua kibuyu akaenda.

Alhamisi ukungu ulichelewa kuinuka. Lori lilisikika kabla halijaonekana, lilisimama, likaendelea. Ukungu ulipoachia, Nashipai akiwa kwenye lango la boma la baba yake aliweza kuona mtu mmoja chini barabarani, mwenye koti la kijani la watu wa mashambani, amekaa juu ya jiwe la mpaka. Mzee Sakaya alikuwa kwenye kigoda. Alikuwa amemwona pia. Alikuwa ameacha chai ikipoa.

Saa nne ikapita. Gari la watalii lilipita barabarani, likapunguza mwendo karibu na yule mtu, likaondoka. Saa tano Lekoko alikuja, akaona, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya Nashipai hakusema kitu. Mzee alisimama mara moja. Alisimama palepale kando ya lango, mkono kwenye mti wa lango, kama alivyosimama yule wa miaka yote. Nashipai alihesabu pumzi zake. Kisha mzee akakaa.

Jua lilipokuwa juu ya josho alisimama tena, akalirekebisha blanketi begani, na akatoka.

Aliteremka kwa fimbo, mguu mzima ukitangulia na mbovu ukifuata. Alipita boma la kwanza, watu wakatoka kutazama. Alipita la pili. Hakumsalimu mtu, na hakuna aliyemsalimu. Kwenye josho alikaa juu ya ukuta, mahali pa mtandao, muda mrefu hata Nashipai akadhani ameishiwa nguvu. Kule chini mtu mwenye koti la kijani alikuwa ameinuka. Alisimama bila kusogea. Mzee akatoka kwenye ukuta akaanza tena, na hapo ndipo yule mwingine akaanza kupanda, kwanza polepole, kisha kwa kasi, halafu mbio.

Walikutana chini ya josho, karibu zaidi na barabara kuliko na boma.

Nashipai alikuwa mbali, hakusikia neno. Anayoyajua aliambiwa na Supeet usiku uleule, wakila nyama ya kondoo aliyechinjwa bila mtu kuuliza kama amenona. Supeet alikuwa na majani mkononi. Alikuwa ameyachuma asubuhi kando ya barabara, wakati wa kungoja, kwa sababu mikono ilimsumbua, na kwa sababu alikuwa ameisikia Injili kwa dada yake kabla ya kuisikia kwa Mama Katarina. Baba yake aliyatazama.

"Hayo ya nini?" alimuuliza.

"Niliyakuta njiani, papa."

Mzee aliyachukua, akayashika pamoja na fimbo, na mkono mwingine akamwekea mwanawe nyuma ya shingo, akamwegemea, kwa sababu goti lilikuwa limekataa. Wakakaa hivyo. Supeet alianza kusema maneno yake ya miaka minne, akafika kwenye ng'ombe wa pili.

"Hao nguruwe," Mzee Sakaya alimkatiza, "wanakula nini?"

Walipanda pamoja, mzee akiegemea upande mmoja, na waliongea habari za pumba na makapi ya mahindi mpaka langoni.

Kigoda kiliingizwa ndani. Supeet alikaa wiki mbili, akashuka Endabash kumalizia palizi kwa watu waliompa kazi, akarudi. Padre Valeriani alikuja mwezi uliofuata na daftari jipya, na mpaka sasa yeye na Nashipai wamefika Injili ya nane. Baadhi ya wazee walihama benchi, wakasema hawajui tena ni nani anayesema, Mungu au binti Sakaya. Wawili wamerudi. Mmoja amesema atangoja daftari limalizike.

Ama siku ile ya josho, Naibor wana namna yao ya kuisimulia, na aliyeianzisha ni Lekoko. Kwake yeye Sakaya alitupa fimbo, shuka likapepea, mapaja nje, akakimbia kama kijana anayefuata simba, na wanawake wa maboma matatu wakaanza kulia wakidhani kuna msiba. Anaisimulia vizuri na watu wanaipenda. Nashipai akiwepo, humsikiliza hadi mwisho, kisha wanamgeukia yeye, maana ndiye aliyeona.

"Alitembea," husema. "Akapumzika josho. Akatembea tena."

"Hata kidogo hakukimbia?"

"Hata kidogo. Ana goti."